Uzuri, Hisia na Maana: Fikira za Mshairi wa Ntuzu

Mtu akiulizwa kwa nini anaupenda wimbo fulani, aghalabu hujibu kwa neno moja tu: ni mzuri. Akisukumwa aeleze uzuri huo ni kitu gani, hunyamaza, au huuimba wimbo wenyewe kwa mara ya pili. Jibu hilo la kuimba tena si la kudharauliwa. Mwimbaji huyo anatuambia kwamba analo jambo la kweli moyoni, ila hajapata maneno ya kulieleza. Kazi ya uhakiki ni kumsaidia kuyapata maneno hayo bila ya kumpokonya wimbo wake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno matatu ambayo kila mwalimu wa fasihi huyatumia darasani, nayo ni uzuri, hisia na maana. Sitaanzia katika vitabu vya wataalamu wa mbali, bali katika mambo yanayojulikana hapa Bariadi na sehemu nyingine za Simiyu. Mkoa huu ni mchanga, kwani uliundwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga. Lakini watu wake, Wanyantuzu na Wasukuma wenzao wa Itilima, Kanadi, Dutwa, Maswa na Meatu, walikuwa wakitunga, wakiimba na kusimuliana muda mrefu kabla ya mipaka hiyo kuchorwa. Mimi si mwanachuo. Masomo yangu yalikomea sekondari. Nimekula mshahara wa serikali kwa kuandika barua na taarifa, na jioni zangu nimezitumia katika kutunga mashairi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa ni fikira za mtu wa kazi mbili, ambaye kila siku hulazimika kuivua lugha moja mlangoni na kuivaa nyingine.

Sababu ya kuandika ni hii. Katika shule zetu fasihi imekuwa somo la kufaulu kuliko kuwa somo la kuishi. Mwanafunzi anajua kwamba hadithi ina dhamira, wahusika, mandhari na tamathali za usemi. Anavihesabu vitu hivyo kama karani wa ghala ahesabuvyo magunia, kisha anamalizia kwa sentensi iliyozoeleka kwamba mwandishi amefaulu kwa kiasi kikubwa kifani na kimaudhui. Hakuna uongo katika sentensi hiyo, lakini pia hakuna dalili kwamba aliyeiandika aliwahi kucheka, kuogopa au kukosa usingizi kwa sababu ya kitabu hicho. Taifa likilea vijana wanaoweza kuihesabu fasihi lakini hawawezi kuguswa nayo, litakuwa limefundisha somo na kupoteza kilichokuwa kinafundishwa.

Uzuri

Katika Kisukuma, neno linalosifu uzuri wa sura ndilo pia linalosifu wema wa tabia. Ukisema kwamba fulani ni munhu ng'wiza, mgeni aweza kukuuliza kama unausifu uso wake au matendo yake. Kiswahili nacho hakiko mbali, maana twasema kazi nzuri, neno zuri na mtu mzuri bila ya kutenga daima lile linalopendeza macho na lile linaloridhisha moyo. Lugha zetu zimeuweka uzuri jirani na wema, na hapana budi mhakiki aanze kwa kuuheshimu ujirani huo. Hata hivyo majirani wawili si mtu mmoja. Wimbo waweza kuwa na mafundisho mema na ukachosha. Mwingine ukawa wa matusi matupu ya kishindani, na umati ukauimba wiki nzima. Basi uzuri una jambo lake lenyewe, na pa kulitazama ni uwanja wa ngoma.

Mavuno yakishaingia ghalani, kati ya Juni na Agosti, Usukumani huwa ni majira ya ngoma. Vyama viwili mashuhuri, Bagika na Bagalu, vinatokana na Ngika na Gumha, waganga na wacheza ngoma wa karne ya 19 ambao ushindani wao umerithiwa na vizazi hadi leo. Mtindo wa mashindano yao unastahili kuzingatiwa na kila msomi wa fasihi. Vikundi viwili hucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Watazamaji wako huru kusimama wapendapo. Upande mmoja ukipamba moto watu huhamia huko, ukipoa huondoka. Mshindi ni yule aliyeuvuta na kuubakiza upande wake umati mkubwa zaidi.

Huu ni uhakiki unaofanywa kwa miguu. Hakuna jaji aliyeketi pembeni na karatasi ya alama, wala hakuna ngojera ya kumsifu mgeni rasmi. Mtazamaji aliyesimama kwa adabu tu huonekana, kwa kuwa muda si mrefu miguu yake itamsaliti. Ndiyo maana napata mashaka ninapoona ngoma zile zile zikiletwa katika sherehe zetu na kupewa dakika 10 mbele ya jukwaa la viongozi, bila ya mpinzani na mbele ya watu ambao hawawezi kuondoka vitini mwao. Wachezaji ni wale wale, mavazi ni yale yale, na makofi hupigwa. Lakini kilichokuwa kikiifanya ngoma iwe bora, yaani hofu ya kuachwa peke yako uwanjani, hakipo tena. Sanaa isiyoweza kukataliwa haiwezi pia kupendwa kweli. Sikukuu ya Bulabo inayofanyika kila Juni huko Bujora, karibu na Kisesa mkoani Mwanza, penye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padre David Clement, imepata heshima yake kwa sababu hii: imewahifadhi Bagika na Bagalu wakiwa wapinzani, haikuwafanya kuwa pambo la sherehe.

Je, wengi hawakosei? Msomaji aweza kuuliza hivyo, na swali lake ni la haki. Wacheza ngoma wa Buyeye huja uwanjani na nyoka. Chatu akifunguliwa, nani asiyekimbia kwenda kutazama? Hapa hatuna budi kutofautisha mambo mawili ambayo wachezaji wenyewe wanayafahamu vizuri: kuvuta na kushika. Chatu huvuta. Lakini mtu akishamwona chatu, amemwona. Na kama nyuma ya chatu hakuna wimbo, umati utarudi ulikotoka kabla ya jua kuchwa. Utungo mzuri hushika. Hushika uwanjani, hushika katika njia ya kurudi nyumbani, na mwakani utausikia shambani ukiimbwa na watu ambao hawakuwapo siku ulipotungwa. Hivyo ndivyo ilivyo kwa vitabu pia. Kuna riwaya zenye chatu katika kila ukurasa, nazo husomwa mara moja na kusahauliwa. Na kuna kitabu ambacho msomaji hukirudia akijua yote yatakayotokea, kwa kuwa hakukifuata kwa ajili ya matukio peke yake.

Jambo jingine katika ngoma hizi huwafanya vijana wetu wasomi watabasamu, nalo ni dawa. Kila chama kilikuwa na dawa zake, na ile ya kuvuta watu huitwa samba. Mimi sitetei wala silaumu. Nataka tu tuone fikira iliyofichika humo. Wachezaji walijua kila hatua, kila mdundo na kila kengele mguuni. Wangaliweza kusema kwamba ustadi ndio unaoleta ushindi, basi. Hawakusema hivyo. Walikiri kwamba baada ya kuhesabu yote yanayohesabika hubaki kitu kisichohesabika, kinachofanya kikundi hiki kipendwe leo na kile kilicho sawa nacho kiachwe. Wanafalsafa wa Ulaya wameandika vitabu vizito juu ya kitu hicho. Wasukuma walikiita dawa wakaendelea kucheza. Mwalimu anayedhani kwamba akishaorodhesha tashbihi na takriri za shairi amekwisha kueleza kwa nini linapendeza, amesahau jambo ambalo wacheza ngoma hawa hawakulisahau.

Tena tuitazame Bugobogobo, ngoma ya majembe. Asili yake ni kulima pamoja: vijana hujipanga shambani, ngoma ikapigwa, mwimbaji akaongoza na majembe yakaenda kwa mdundo mmoja. Mtaalamu wa muziki, Frank Gunderson, alizikusanya nyimbo za kazi za Wasukuma na kuchapisha mwaka 2010 kitabu chenye nyimbo zaidi ya 300, maneno yake pamoja na maelezo. Kwa wingi huo pekee tunaona kwamba uzuri hapa haukuwa pambo la baada ya kazi. Wako waliosema, hasa katika miaka ya 1970, kwamba sanaa ya Mwafrika ilikuwa chombo cha kazi na si zaidi. Wana haki nusu. Kama haja ingekuwa ni kuharakisha kilimo tu, ngoma pekee ingalitosha. Maneno ya nini? Na kwa nini mchezaji analirusha jembe juu, likazunguka, kisha akalidaka? Jembe likiwa hewani halilimi. Kwa kitambo hicho kifupi halimfai mkulima kwa lolote ila kwa furaha ya mkono uliolirusha na macho yanayolitazama. Kisha linashuka, nalo linaingia ardhini kwa nguvu zaidi. Nikiulizwa uzuri una nafasi gani katika maisha ya watu wenye dhiki na kazi nyingi, hilo ndilo jibu langu: ni jembe lile likiwa juu.

Hisia

Katika ofisi tunafundishwa kwamba hisia ni adui wa ukweli. Taarifa nzuri haina machozi. Mathalani mvua zikishindwa kunyesha, nami nikatakiwa kueleza hali, nitaandika kwamba hali ya chakula katika kata si ya kuridhisha, kwamba kaya kadhaa hazina akiba, na kwamba msaada unahitajika kabla ya mwisho wa mwezi. Lugha hiyo ni ya lazima, wala sitaki mtu aidharau, maana mahindi hayapelekwi kijijini kwa shairi bali kwa taarifa yenye takwimu sahihi. Lakini taarifa hiyo haikusema yote yaliyo kweli. Kwa ajili ya makala haya nimetunga beti moja juu ya jambo lilo hilo:

Panya wamehama ndani, kihenge hakina kitu,
Mama aketi mekoni, moto autazama tu,
Mtoto yu mgongoni, halii siku ya tatu,
Wingu, wapita kwa nani, na sisi tungali watu?

Siitoi beti hii kuwa mfano wa ushairi bora, bali kuwa mfano wa tofauti. Taarifa inasema akiba hakuna. Beti inasema panya wamehama. Msomaji hajaambiwa ahuzunike, ila amepewa jambo la kuona, na huzuni anaipata mwenyewe. Zaidi ya hayo, mtoto hakulia. Mtunzi mchanga angaliandika kwamba mtoto alilia sana, akidhani kwamba kilio kingi huleta huzuni nyingi. Lakini yeyote aliyewahi kuona njaa anajua kwamba mtoto anayelia bado ana nguvu. Anayetisha ni yule aliyenyamaza. Hapa hisia si kelele iliyoongezwa juu ya ukweli. Ni njia ya kuujua ukweli ambao takwimu haiufikii: kwamba njaa haimnyimi mtu chakula tu, humfanya pia atake kuuliza kama angali ni mtu.

Mwandishi wa Urusi, Leo Tolstoy, aliandika mwishoni mwa karne ya 19 kwamba sanaa ni mtu kuwaambukiza wenzake hisia aliyoipata yeye. Nakubaliana naye, ila naongeza jambo moja. Ugonjwa huambukizwa bila ya hiari wala akili. Hisia ya sanaa hupokewa kwa masikio yaliyofundishwa. Katika ngoma ya wigashe waimbaji huimba wakiwa wameketi. Miguu haina kazi, na mzigo wote uko katika sauti na maneno. Niliwahi kukaa usiku karibu na kikundi cha namna hiyo, na kando yangu alikuwa mgeni asiyejua Kisukuma. Alisema sauti zinapendeza. Mzee mmoja upande wa pili alikuwa amefunika uso kwa viganja vyake. Wote wawili walisikia wimbo ule ule. Yule mzee aliyajua majina yaliyotajwa, akajua nani alikufa na nani alihama. Kwake kila mstari ulikuwa mlango. Hivyo basi, kumfundisha mwanafunzi kuhisi si kumwambia afumbe macho na kufungua moyo. Ni kumpa maarifa ya lugha, ya historia na ya maisha ya watu, ili sauti inayompendeza iwe pia neno linalomhusu.

Wako wanaoogopa kwamba mtumishi mwenye hisia hataweza kutenda haki. Nawakumbusha kwamba Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, alikuwa karani wa serikali karibu maisha yake yote: katika forodha, katika idara ya wanyama na katika upimaji. Kazi ya ofisi haikuziua hisia zake, wala hisia zake hazikumfanya kuwa karani mbaya. Mtu aweza kuwa na kalamu mbili katika mfuko mmoja.

Maana

Nimefika katika neno gumu zaidi. Wanafunzi huniuliza: shairi hili maana yake nini? Huuliza kama mtu anayeuliza bei ya sukari, wakitaka jibu moja litakaloandikwa ubaoni. Nitawajibu kwa hadithi ambayo watoto wengi wa Usukumani waliilalia na kuiamkia, hadithi ya Masala Kulangwa na zimwi Shing'weng'we.

Zimwi hilo lilimeza watu wote na mifugo yote ya nchi. Alisalia mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha katika pumba. Akajifungua mtoto wa kiume, akamwita Masala Kulangwa, yaani mwenye akili za kuelewa upesi. Mtoto alipokua aliuliza watu wako wapi, mama akamsimulia. Basi kijana akaenda kumtafuta adui. Akakamata panzi, akamletea mama yake na kuuliza kama huyo ndiye Shing'weng'we. Mama akasema siye. Akaleta ndege, akaleta mnyama wa porini, na kila mara jibu likawa siye, adui ni mkubwa kuliko huyo. Hatimaye alikutana na zimwi lenyewe, akaliua. Alipolipasua tumbo watu wakatoka wazima, baba yake akiwamo. Lakini katika kupasua, kisu kilimkata ajuza mmoja sikio. Ajuza akakasirika, akataka kumdhuru aliyemwokoa. Kijana akatafuta dawa, akamponya sikio lake. Ndipo watu wakamfanya kuwa mtemi wao.

Nimeona hadithi hii ikifasiriwa kwa namna mbili. Katika miaka baada ya uhuru, zimwi lilifasiriwa kuwa ukoloni na kijana kuwa ukombozi. Makanisani, zimwi limekuwa shetani na kijana Mwokozi. Fasiri zote mbili zina nguvu, na mwanafunzi atakayeandika kwamba dhamira kuu ni ukombozi atapata alama zake. Lakini fasiri zote mbili humaliza kazi yake tumbo linapopasuka. Zinamwacha ajuza akivuja damu kando ya njia. Kama hadithi ni ya ukombozi tu, sikio hilo ni la nini? Mbona vizazi na vizazi vya wasimulizi, ambao wangaliweza kuliacha, wamelihifadhi?

Mimi naona kwamba sikio ndilo kilele cha hadithi. Bila ya hilo tungekuwa na kisa cha shujaa, na visa hivyo viko duniani kote. Kwa hilo tunaambiwa kwamba hakuna kisu kinachofungua tumbo la zimwi bila ya hatari ya kumjeruhi aliyemo ndani; kwamba anayeokolewa ana haki ya kulalamikia jeraha lake; na kwamba kijana hakupewa utemi alipoua bali alipoponya. Mwuaji wa zimwi anatosha kuwa shujaa. Mtawala ni yule anayerudi kutafuta dawa ya sikio la mtu mmoja asiye na shukrani. Hiyo ni fikira nzito ya siasa, nayo imesimuliwa kwa namna ambayo mtoto wa miaka 6 huicheka.

Tena tuangalie namna kijana anavyotafuta. Anakosea mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, na kila mara anamrudia mama na swali lile lile. Mama hamchoki, hamcheki, wala hamwambii jibu lote kwa mara moja. Anamwambia tu siye huyu, nenda mbele. Nafahamu kwamba takriri hiyo imo katika hadithi ili isikike vizuri na ikumbukwe kwa urahisi. Lakini ndani yake kuna picha kamili ya utafutaji wa maana. Panzi si adui, lakini bila ya panzi kijana asingalijifunza kuwinda. Fasiri ya kwanza ya mwanafunzi ni panzi. Mwalimu mwema haichukui na kuitupa. Huitazama, husema siyo hii bado, na kumrudisha porini. Maana ya kazi ya sanaa si kitu kilichofukiwa ambacho mwalimu ana ramani yake. Hupatikana kwa kuuliza, kwa kurudi, na kwa kutokubali kuacha sikio lolote bila ya kuelezwa.

Fani, maudhui na lugha

Walimu wetu wamekuwa wakijadiliana kwa miaka mingi juu ya fani na maudhui. Wapo waliosema kwamba fani ni kikombe na maudhui ni chai. Wengine wakajibu kwamba ni pande mbili za sarafu moja. Mfano wa pili ni bora kuliko wa kwanza, kwani chai yaweza kumiminwa katika kikombe kingine, lakini sikio la ajuza haliwezi kumiminwa popote. Kwa watu wa Ntuzu natoa mfano wa tatu, wa jembe na mdundo. Mdundo si kitu kilichopakwa juu ya kulima, wala kulima si kitu kilichofichwa ndani ya mdundo. Ukivitenga unabaki na kelele upande huu na uchovu upande ule.

Suala la fani lilizua mjadala mkali Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alipochapisha Kichomi mwaka 1974, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani. Washairi wengi waliolelewa na kanuni alizozieleza Sheikh Kaluta Amri Abedi katika kitabu chake cha mwaka 1954 waliona kwamba nyumba imebomolewa. Mimi mwenyewe hutunga kwa vina na mizani, na sina nia ya kuacha; urari wa sauti hunilazimisha kutafuta neno ambalo nisingalilitafuta. Lakini nyimbo za kwetu hazikuwahi kujua vina vya kati na vya mwisho. Uzuri wake umo katika pumzi ya mwimbaji, katika kupokezana kwake na waitikiaji, katika jina lililotajwa mahali pake. Kuzipima kwa kanuni za tarbia ni kupima maziwa kwa futi. Kezilahabi alifariki mwaka 2020. Leo yeye na wapinzani wake husomwa katika darasa moja, na hilo ni jambo jema, kwani lugha ya taifa haikuundwa iwe na mlango mmoja.

Wa kukumbukwa zaidi katika jambo hili ni Aniceti Kitereza, naye wa Ukerewe. Mwaka 1945 alimaliza kuandika kwa Kikerewe riwaya ndefu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Hakupata mchapishaji wa lugha yake. Akakaa miaka mingi na mswada wake, akaufasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na kitabu kikatolewa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Alifariki mwaka 1981. Kiswahili kilikiokoa kitabu hicho kisipotee, na kwa hilo tushukuru. Hata hivyo masimulizi yake yanakwenda kwa mwendo wa Kikerewe, taratibu, yakieleza kila salamu na kila chakula, na uzuri wake ndio huo. Somo kwetu ni kwamba Kiswahili hakitajirishwi na watu waliosahau lugha za mama zao. Hutajirishwa na wale wanaokuja nacho wakiwa wamebeba kitu mkononi.

Wajibu wetu

Walimu wa Simiyu, hazina hii iko umbali wa mwendo wa miguu kutoka madarasani mwenu. Mwambieni kila mwanafunzi alete wimbo mmoja au hadithi moja kutoka kwao, aiandike kama ilivyosemwa, aifasiri kwa Kiswahili, kisha aeleze neno lililomshinda kufasiri. Neno hilo lililomshinda ndilo litakalokuwa mwanzo wa somo. Kabla ya kumwuliza dhamira, mwulizeni ni mahali gani alipocheka, alipoogopa, au alipotaka kuacha kusikiliza, na kwa nini. Dhamira zitakuja, hazijawahi kumkimbia mtu aliyeguswa.

Nanyi wanafunzi, msione haya kupenda kitu kabla hamjakielewa, wala msiridhike kukipenda bila ya kukielewa. Someni vitabu vilivyopangwa kwa ajili ya mtihani, na mtihani mfaulu, maana hiyo nayo ni kazi. Lakini wazee wanaojua nyimbo na hadithi hizi wanapungua kila mwaka, nao hawachapishwi toleo la pili.

Wasukuma wana desturi iitwayo ngitili. Mvua zinapokuwapo, sehemu ya malisho hutengwa, ng'ombe wasiingie, ili majani yabaki yamesimama hadi kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioanza mwaka 1986 wakati Bariadi, Maswa na Meatu zikiwa bado katika mkoa huo, ulipata mafanikio makubwa kwa kuifufua desturi hii ambayo wenyeji walikuwa nayo tangu zamani. Nchi iliyokuwa imekauka ikaota miti tena. Fasihi ya watu ni ngitili yao. Kwa mtu aliyeshiba katika majira ya mvua yaonekana ni majani yaliyoachwa bure. Kiangazi cha moyo kikifika, nacho humfikia kila mtu, wenye ngitili watakuwa na pa kupeleka mifugo yao.